Kipindi cha Kwanza kutoka Muyinga

Nyamugari, Gitega
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Aline, mama yangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako anazikunja nguo zako upya kwa sababu anasema wewe hujui kukunja. Nimepata nafasi. Gari la Muyinga linaondoka kesho asubuhi, na asubuhi mimi sina maana yoyote, unanijua. Kabla sijanywa chai naweza kukubaliana na kila kitu. Kwa hiyo nakuandikia sasa, akili zangu zikiwa kichwani.

Mambo ya kula vizuri, ya kufunga mlango, ya kuvaa sweta na ya kanisa gani uende sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima na atayasema tena kesho ukiwa umeshika mlango wa gari. Mimi nataka kusema juu ya podikasti tu. Usicheke. Najua wazazi wengine huwaandikia mabinti zao kuhusu ndoa, lakini kila mtu na kazi yake.

Jana ulinionyesha mpango wako nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali wala sikukataa. Nilikuwa natafuta maneno, na wewe ulikuwa na haraka ya kwenda kununua chaja.

Tuseme jambo lenyewe wazi. Kitalu cha Muyinga kimepewa msimu mmoja. Wenzetu wa ushirika wamesema kwamba mvua zikiisha na miche ya maparachichi bado imejaa pale kwenye viriba vyake vya plastiki, kitalu kinafungwa, vitu vinarudishwa Gitega, na wewe unarudi navyo. Uliyakubali masharti hayo mbele ya watu bila kunitazama, nami nilijisikia fahari hadi nikajifanya nakohoa. Sasa umepanga kufungua kwa kishindo. Kipindi kitoke kila siku badala ya Jumamosi tu. Atakayekirusha kwa watu wengi apewe mche wa bure. Na ile kauli yangu ya zamani, “Panda leo”, irudi, kwa sababu watu bado wanaikumbuka. Ni kweli wanaikumbuka. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Wakati tunaanza wewe ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hadithi ya podikasti yetu unaijua kama wanavyoijua wasikilizaji: baba alichukua simu, akaongea, wateja wakaja. Hata mimi huwa naisimulia hivyo mbele ya wageni. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Unajua kwamba kule Tabora, ukimbizini, kabla hatujarudi Burundi, nilikuwa mpiga mnada. Ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka vumbi tu. Nilikuwa nauza mitumba, ndoo, magodoro, siku nyingine mbuzi, na nilikuwa hodari, nasema mwenyewe. Mtu akipita bila kusimama namchokoza mpaka anarudi akicheka, na akirudi ameshanunua. Tuliporudi huku, vitu vyetu vilijaa nusu ya lori tu, lakini koo langu lilikuwa zima. Nikajifunza kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mzuri kwenye shina changa, nikapata kipande cha ardhi ya kukodi karibu na kijito, nikapanga viriba. Watu hawakuja. Miche ilikuwa mizuri, inang'aa, na mimi nimesimama katikati yake kama bwana harusi aliyeachwa.

Ndipo niliposikia habari ya kurekodi sauti na kuzirusha kwenye simu za watu. Nikamwendea Karim, yule wa duka la pampu na viriba. Wewe unamwita mjomba siku hizi, lakini wakati ule alikuwa kwangu muuza viriba tu, Mhindi wa Nyamugari aliyezaliwa hapahapa na anayeijua biashara kuliko sala zake. Nikamweleza kwa mikono yote miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapima mpira wa maji wa mteja mwingine.

“Donc, we unataka kuongea mu simu,” akasema. “Sawa. Na hii kuongea iko inaleta client, ama iko inaleta tu jina yako?”

Nikamjibu kwamba vyote viwili.

“Vyote viwili haiwezekane mara moja, Baba Aline. Chagua moja kwanza.”

Niliudhika mno. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba yule bwana ana wivu. Lakini swali lilinikaa kichwani, na kesho yake nilichukua mkaa nikaandika kwenye ukuta wa banda la kitalu: WAJE WAONE. Basi. Sikuandika wanunue, wala wanijue. Umeona maandishi kwenye ukuta ule miaka yote, ukawa unadhani ni uchafu wa baba yako. Kila msimu nafuta na kuandika jambo moja ninalotaka msikilizaji alifanye akishamaliza kusikiliza. Kipindi kisicholeta jambo hilo, hata kama kimenichekesha mwenyewe, hakitoki. Ukuta wa Muyinga bado mweupe. Utaandika unachotaka, ila liwe moja.

Vipindi vya kwanza nilirekodi ndani ya kabati la nguo, nguo za mama yako zikinifunika kichwa ili sauti isidunde. Na humo ndani, mama yangu, nilipiga mnada. “Njooni, njooni, parachichi hizi hazina mpinzani Gitega nzima!” Mama yako alikuwa anafukuza kuku nje huku anacheka mpaka anakaa chini. Nikapeleka kipindi kwenye kile kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, wanapochaji watu wa milimani siku ya gulio, nikamwomba mwenye kibanda awarushie wateja wake. Siku iliyofuata nikasimama pale najifanya nachaji, nipate kuona sifa zangu zinavyopokelewa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bukirasazi, ametua kapu lake la maharage. Akasikiliza kidogo, akamgeukia mwenzake. “Huyu mzee mbona anatugombeza? Tumemkosea nini?”

Niling'oa chaja yangu nikaondoka bila kuaga.

Ndivyo nilivyoelewa kwamba koo langu lilikuwa limerudi nyumbani lakini halijui desturi za nyumbani. Huku watu wanaongea chini. Mtu akikuheshimu anashusha sauti, na anayepaza ama amelewa ama ana bidhaa mbovu. Mimi nililelewa na Warundi ndani ya nyumba, lakini nje nililelewa na soko la Tabora. Basi nikajifunza upya, na mwalimu wangu alikuwa yule mama wa kapu, ambaye sikuwahi kujua jina lake. Mpaka leo nikibonyeza kurekodi ninaongea naye yeye tu. Ninamwacha atue kapu kwanza. Namsalimu, namuuliza njia ilikuwaje, mvua imefika wapi kwao. Habari ya mche inakuja tukishakaa. Ulipoanza kunisaidia uliniuliza kwa nini utangulizi wangu mrefu hivyo, ukawa unaukata. Sikukugombeza, ila nilikuwa naurudisha ukishalala.

Jambo jingine nililojifunza kwa aibu. Mteja akifika getini usimuulize kama amekipenda kipindi. Atakudanganya kwa adabu. Muulize habari zetu alizipata wapi, na kipi alichosikia kikamfanya avae viatu. Wengi hawakutajii kile ulichojivunia. Mmoja aliniambia amekuja kwa sababu nilisema miche yangu iliungua na jua nikakosa usingizi. Alitaka kumwona mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya miche.

Sasa nifike kwenye “Panda leo”.

Msimu ule kitalu kilijaa kupita kiasi. Mizizi ilikuwa inatoboa viriba, inaingia ardhini, na mche ukikaa hivyo unaharibika. Nikaandika ukutani: IISHE YOTE. Ukiliona neno kama hilo ukutani kwako siku moja, Aline, keti kwanza. Nikarekodi vipindi vitatu mfululizo, sauti ya chini, laini, ya mtu mwenye adabu, kumbe ulikuwa mnada uleule, nimeshusha sauti tu. “Panda leo. Ukingoja kesho, jirani atakuwa anavuna na wewe unatazama.” Unakumbuka ilivyoenea. Waendesha baiskeli waliiimba. Hata padri aliitumia. Kitalu kilibaki kitupu kabla mvua hazijatulia, na Karim akafunga duka saa za kazi, kitu ambacho hajafanya hata siku ya harusi ya dada yake, akaja na sambusa. “Voilà! Hii sasa iko kazi!”

Nilikula zile sambusa zote. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Halafu nikaitwa kwenda Nyarusange.

Ulisikia kwamba baba alikwenda kuwa shahidi kwenye kesi ya mashamba. Sikukueleza ni kesi ya nini. Kulikuwa na bwana anaitwa Zakaria, amekulia Tabora kama sisi. Aliporudi alikuta familia nyingine inalima shamba la baba yake. Wakakubaliana, ile familia ibaki na sehemu ya juu, yeye achukue ya chini, na kipande cha katikati aazimwe alime maharage hadi wazee wakate mpaka. Walikuwa wanaishi vizuri tu, wanasalimiana. Zakaria akasikia kipindi changu. Akaja, akachukua miche, akaipanda mistari mizuri katikati ya kile kipande cha kuazimwa.

Kule Tabora tulipewa pori. Ukitaka mti unachimba shimo, hakuna anayekuuliza. Huku milimani aliyeazimwa shamba anapanda maharage, viazi, mahindi, vitu vinavyoondoka. Mti hapandi. Anayepanda mti ameshasema shamba ni lake, hata kama hajafungua mdomo. Mtu aliyekulia hapa haambiwi, anajua tu kama anavyojua kuvua kofia. Sisi tuliokulia nje tulihitaji kuambiwa, na mwenye maikrofoni nilikuwa mimi, na nilichowaambia ni panda leo.

Yule mama wa sehemu ya juu aling'oa miche yote asubuhi moja. Hakuitupa. Aliifunga mizizi kwa majani ya migomba, akailowesha, akaipanga mlangoni kwa Zakaria. Zakaria alipofungua mlango akaiona, alichukua panga akapanda kilimani. Walimshika watu waliokuwa wanatoka kisimani. Aline, walimshika akiwa ameshafika uani kwa yule mama.

Wazee wa kilima, bashingantahe, wakaketi nyasini kusikiliza, na mimi nikaitwa. Nilidhani wataniuliza kuhusu miche. Badala yake Zakaria akatoa simu akasema, “Mimi niliambiwa,” akabonyeza, na sauti yangu ikatoka pale nyasini, mbele ya wazee, mbele ya yule mama, laini kabisa: “Ukingoja kesho, jirani atakuwa anavuna na wewe unatazama.” Hakuna aliyecheka. Nilisikia kila pumzi niliyovuta katikati ya maneno. Nilitamani kipindi kiwe kifupi.

Kilipokwisha, mzee mmoja akanigeukia. “Huyu anayesema, shamba lake liko wapi?”

“Liko Muyinga.”

“Umepanda nini?”

“Sijapanda.”

“Kwa nini?”

“Kuna watu wanakaa.”

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. “Kumbe unajua,” akasema, na akaendelea na kesi.

Hayo tu. Hawakunitoza, hawakunigombeza, walinipa hata kinywaji. Lakini njia nzima ya kurudi Gitega nilikuwa nasikia lile neno, kumbe unajua. Sikurekodi kwa majuma mengi. Nilikuambia maikrofoni imeharibika. Ilikuwa nzima, chini ya kitanda.

Aliyenirudisha kazini ni mama yako. Alisema kama niliweza kuingia kwenye simu za watu bila kupiga hodi, naweza pia kuingia kuomba radhi. Nikarudi Nyarusange pamoja naye, nikiwa na simu, nikawaomba Zakaria na yule mama wazungumze. Nilitaka Zakaria aanze, kwa kuwa ndiye mteja wangu. Mama yako akakataa. “Aliyeng'oa aanze,” akasema. “Yeye hakuna aliyemuuliza.” Kipindi hicho unakijua, ndicho watu wanachokiomba mpaka leo, yule mama anaeleza kwa nini alifunga mizizi kwa majani ya migomba. “Mti haukunikosea,” anasema pale.

Tangu hapo ndipo tulipoanza kuuliza getini: hapo unapotaka kupanda, umepakana na nani, na mmeelewana? Asiyeelewana na jirani hatumuuzii. Karim alishika kichwa. “We ni mwendawazimu! Client iko na feza mkononi, we uko unamurudisha kwake!” Na msimu ule kweli ulikuwa mbaya, mama yako alishona sare za shule za mtaa mzima ili tule. Sikufichi, niliwahi kuamka nikataka kuifuta ile sheria.

Msimu uliofuata walianza kuja wawili wawili, mtu na jirani yake. Umewaona. Wanasimama getini hawatazamani, kila mmoja anachagua mche wake mwenyewe, wanabishana na mimi na siyo wao kwa wao, lakini wamekuja kwa njia moja na wanaondoka kwa njia moja. Na miche yao haifi. Mbuzi wa jirani haingii, kwa sababu jirani naye ana mche. Wakirudi, wanarudi na wengine. Karim sasa anasema lile lilikuwa wazo lake. Nimemwachia.

Basi mpango wako sikukatazi. Wewe ndiye utakayekuwa pale, na kichwa chako kizuri kuliko changu. Kipindi cha kila siku kitakukausha, nakwambia tu. Utafika wiki ya pili unarudia yaleyale kwa sauti ya kuchangamka. Zawadi zitakuletea watu wanaopenda zawadi. Ila hayo mawili ukiyajaribu yakakushinda, utarekebisha bila kumuumiza mtu. “Panda leo” ndiyo nakuomba uiache hapa nyumbani. Vilima vya Muyinga vimejaa waliorudi, kila njia ina mtu aliyerudi na mtu aliyebaki. Hujui ni nani atakayesikiliza akiwa na panga mlangoni.

Na pale utakapoishi wewe ni hivyohivyo. Hili ndilo lililonikalisha chini leo.

Ile nusu ya shamba la babu yako ambapo kitalu kimewekwa, unajua mpaka wake unapita wapi. Nusu nyingine ni ya Mama Daforoza. Alikuja pale akiwa bibi harusi, hakumfukuza mtu, alikuta mume wake analima. Sisi tulikuwa Tabora. Amezika mume pale, amelea watoto pale. Tulipogawana nilitia sahihi, nikamshika mkono, nikaondoka. Kila nilipokwenda alituma mtu aniite nikae, ninywe kitu, na kila mara nilisema nina haraka. Haraka gani? Nilikuwa nakaa upande wangu wa mpaka nasubiri gari saa nzima. Nilikuwa na hasira, Aline. Sikuwa namchukia. Nilikuwa namwona akimwaga maji uani, na ni ua ambao baba yangu aliulilia hadi anakufa ugenini, na nilishindwa kumsamehe kwa kuujua vizuri kuliko mimi.

Wiki iliyopita, niliposema nakwenda Muyinga kuangalia tangi la maji, nilikwenda kwake. Nilipiga hodi. Akasema “Kaze,” karibu, kama vile nilikuja jana. Akanimiminia pombe ya ndizi. Ilikuwa chungu kidogo, nikaimaliza. Nikamwambia binti yangu anakuja kufungua kitalu, ana kazi ya kuongea kwenye simu, anahitaji mtu wa kilima hiki aongee naye.

Akakijaza tena kikombe changu. Halafu akaniuliza kwa Kirundi, taratibu: “Nitasema nini mimi? Kwamba nilikaa kwenu?”

Nikamwambia aseme anachotaka.

“Na wewe utasikiliza?”

Nikamwambia ndiyo.

“Basi aje kwanza ale,” akasema. “Siongei na mtu ambaye hajala kwangu.”

Nililia njiani kwenye gari, abiria wa pembeni akanipa kiti cha dirishani. Sikumwambia mama yako, na wewe usimwambie, atataka kujua kwa nini sikuvaa koti.

Ninaogopa, mwanangu. Siogopi kitalu kufungwa. Kikifungwa kimefungwa, utarudi, nami nitakuja kukupokea kituoni. Mimi nimewahi kurudi kutoka mbali zaidi na mikono mitupu, nikapokelewa vibaya kidogo, halafu vizuri. Ninachoogopa ni wewe kukaa kilimani pale ukiongea na watu wa mbali kwa sauti tamu, na jirani yako anakusikia kupitia ukuta, na hujawahi kumuuliza lolote. Kwa hasira zangu nilikuwa nimekuandalia maisha hayo.

Ukifungua boksi la viriba utakuta miche miwili nimeifunga pamoja kwa majani ya migomba. Ni ile mizuri ya mstari wa nyuma, niliyokuwa nakataa kumuuzia hata Karim. Mmoja ni wako. Mwingine wa Mama Daforoza, apande anapotaka kwake, na kama atakuomba umchimbie shimo, umchimbie. Ukishakula kwake, na wa kwake ukishapandwa, ndipo utoe simu.

Huku Gitega sisi tutaendelea na vipindi vyetu vya zamani, na Jumamosi tutakaa na mama yako mezani, sauti juu, tusikilize Muyinga. Siulizi umeuza mingapi. Nikibonyeza na sauti ya kwanza nitakayosikia ikiwa ya Mama Daforoza na siyo yako, nitajua umefika.

Baba yako